Bakhita wa Darfur, Mtumishi Aliyekataa Kurudishwa



Kamati ilituomba sisi walimu tuandike maisha ya mtu anayejulikana, ambaye habari zake zinagusa haki za mwanamke aliye mbali na kwao. Tumemchagua Bakhita. Jina lake si geni, kwa maana shule, parokia na zahanati nyingi za Afrika zinaitwa kwa jina hilo. Lakini tumegundua kwamba wengi wetu wanajua picha yake tu, mama mweusi aliyevaa nguo za kitawa, wala hawajui kesi yake. Sisi tunaandika kwa ajili ya ile kesi. Wasomaji Waislamu na Waprotestanti wasidhani kwamba tunawaletea somo la dini.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, huko Darfur, magharibi ya Sudani, kati ya watu wa kabila la Wadaju. Watu wa kwao hawakuwa maskini; walikuwa na mashamba na mifugo, na baba yake mdogo au mkubwa ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji. Wateka watumwa walimchukua kwanza dada yake mkubwa. Miaka michache baadaye, karibu mwaka 1877, ikawa zamu yake yeye, akiwa na umri wa miaka 8 hivi.

Tuangalie vizuri jinsi alivyochukuliwa. Hakukuwa na vita siku hiyo. Alikuwa akitembea karibu na mashamba pamoja na rafiki yake, wakatokea wanaume wawili wasiowajua. Wakamwambia rafiki atangulie, na Bakhita wakamwomba kwa upole awasaidie kuleta mzigo waliouacha pembeni ya msitu. Mtoto aliyelelewa vizuri hamkatalii mtu mzima, akaenda. Kule msituni wakatoa kisu. Walipomwuliza jina lake hakuweza kulitaja kwa sababu ya hofu, nao wakampa jina la Kiarabu, Bakhita, maana yake mwenye bahati. Jina alilopewa na mama yake lilimtoka kabisa, hakulikumbuka tena hadi kufa.

Hapa tungependa kusema neno moja kwa ndugu zetu wanaoandikisha watu. Msichana anayeketi mbele ya meza yenu akashindwa kutaja jina la kijiji chake, au leo anasema miaka 15 na kesho 17, pengine hadanganyi. Hofu hula kumbukumbu. Bakhita alisahau hata jina lake mwenyewe, na hakuna anayesema leo kwamba alikuwa mwongo.

Alijaribu kutoroka pamoja na msichana mwingine aliyefungwa naye. Walikimbia usiku kucha porini, kisha wakakutana na mwanamume aliyewahurumia, akawapa chakula na kuwaahidi kuwarudisha kwa wazazi. Mtu huyo aliwafunga katika zizi la kondoo, halafu akawauza kwa msafara uliopita. Basi mara mbili alinaswa kwa maneno mazuri: mara ya kwanza na mtu aliyeomba msaada, na mara ya pili na mtu aliyetoa msaada.

Sisi watu wa Kongo hatuhitaji kuelezwa misafara hiyo ilikuwaje. Katika miaka ile ile, watu wa Tippu Tip walikuwa wakitoa pembe na watu Maniema, kutoka Kasongo na Nyangwe, kupitia Ujiji na Tabora hadi pwani. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa kwa mkataba tangu 1873. Na huko kaskazini, Uingereza na Misri walitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara hiyo tarehe 4 Agosti 1877, karibu na wakati ule ule Bakhita alipokuwa akitembea bila viatu mamia ya kilometa kwenda El Obeid. Karatasi zilikuwepo. Njiani hakuna aliyekutana nazo.

Huko El Obeid na kwingineko aliuzwa na kupewa watu mara kadhaa. Bwana mbaya kuliko wote alikuwa jenerali mmoja wa Kituruki. Kwa amri ya nyumba ile alichanjwa mwilini: michoro ilianza kwa unga mweupe, halafu wembe ukaifuata, halafu chumvi ikasuguliwa kwenye vidonda ili alama zisifutike. Alihesabu alama 114. Kwa zaidi ya mwezi mmoja alilala juu ya mkeka bila kuweza kuinuka. Hatutaendelea na mambo hayo. Kuna mama humu kambini ambao hawahitaji kuyasoma.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na makamu wa balozi wa Italia, Callisto Legnani. Huyo hakumpiga, akampa nguo ya kuvaa. Majeshi ya Mahdi yalipokaribia mji, Legnani aliondoka, na Bakhita akamwomba sana aende naye. Wakapitia Suakin, wakafika Italia mwaka 1885. Na huko, katika nchi ambayo sheria yake haikutambua utumwa, Legnani alimtoa zawadi kwa familia ya rafiki yake Augusto Michieli, kama mtu anavyotoa mbuzi. Mke wa Michieli, Turina, alimchukua nyumbani Zianigo, karibu na Venice. Mtoto wao Mimmina alipozaliwa, Bakhita akawa mlezi wake.

Tufikiri kidogo juu ya hali yake wakati huo. Haikuwepo minyororo tena. Alikula vizuri, alimpenda mtoto, na mtoto alimpenda. Lakini hakuwa na mshahara, wala karatasi, wala ndugu, na lugha ya nchi aliijua kidogo sana. Kila alichokuwa nacho kilipitia mkononi mwa bibi wa nyumba. Msichana anayetoka hapa kwenda kufanya kazi za nyumbani Kigali, Kampala au Arabuni, ambaye tajiri amemshikia karatasi zake na kumwambia mshahara utakuja mwisho wa mwaka, ataielewa hali hiyo kuliko sisi tunaoiandika.

Familia ilinunua hoteli Suakin. Mwaka 1888 Turina aliamua kwenda huko kumsaidia mume wake, na kwa shauri la msimamizi wa mali yao, Illuminato Checchini, akawaacha Bakhita na Mimmina kwa Masista Wakanosa mjini Venice. Baada ya miezi kama kumi alirudi kuwachukua. Bakhita akasema haendi.

Turina alishangaa, kisha akakasirika. Alimwona ni mali yake, tena asiye na shukrani. Alirudi mara ya pili na ya tatu, akilia na kutisha. Masista walipeleka shauri kwa Kardinali Agostini, Patriarka wa Venice, naye akalipeleka kwa mwendesha mashtaka wa mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 walikutanika wote. Bakhita, aliyekuwa na miaka kama 20, aliulizwa yeye mwenyewe anataka nini, akajibu kwamba anabaki. Mwendesha mashtaka akatamka kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, kwa hiyo mwanamke huyu ni huru, na hakuna anayeweza kumlazimisha kuondoka. Mimmina alichukuliwa na mama yake akilia. Bakhita naye alilia, kwa maana uhuru huo ulimgharimu mtoto aliyemlea.

Hakuna aliyemfanya Bakhita kuwa huru siku hiyo. Alikuwa huru kisheria tangu alipokanyaga Italia miaka minne nyuma, lakini hakuna mtu aliyemwambia. Siku 11 kabla yake, ulikuwa umefunguliwa Brussels mkutano mkubwa wa mataifa juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na mwenyeji wake alikuwa Mfalme Leopold wa Pili. Wazee wetu waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira wangekuwa na maswali kwake.

Kuna jambo ambalo sheria za wakati wetu zimeliweka wazi zaidi. Itifaki ya Palermo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Novemba 2000, inasema kwamba aliyedanganywa hawezi kuhesabiwa kuwa alikubali. Na kwa mtoto, hata bila udanganyifu, kukubali kwake hakuna uzito. Rwanda nayo ilitoa sheria yake dhidi ya biashara ya watu mwaka 2018. Basi msichana aliyepanda gari kwa miguu yake mwenyewe, kwa sababu aliahidiwa kazi ya duka, asiambiwe na mtu yeyote, awe mzazi, polisi au sisi wa kamati, kwamba alijitakia.

Mengine ya maisha yake tunayapita haraka. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaitwa Josephine, akawa sista mwaka 1896. Tangu 1902 alikaa Schio, akipika, akishona, akifungua mlango wa nyumba ya masista, na watu wa mji walimpenda. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu, na tangu 2015 Wakatoliki huwaombea kila tarehe 8 Februari watu wote waliouzwa.

Tarehe hiyo ni siku aliyokufa, mwaka 1947. Ilikuwa imepita miaka 57 tangu kesi ya Venice. Katika ugonjwa wake wa mwisho akili yake ilirudi njiani, kwenye msafara, akamwomba sista aliyemwuguza amlegezee minyororo, kwa sababu ilikuwa mizito.