McNamara: Bingwa wa hesabu aliyefikisha mikopo ya Benki ya Dunia hadi Changamwe

MTAA wa Chaani, Changamwe, uliingia katika vitabu vya Benki ya Dunia mwaka wa 1978. Mwaka huo benki hiyo iliidhinisha mkopo wa mradi wa pili wa makazi ya mijini nchini Kenya, uliohusisha Nairobi, Mombasa na Kisumu. Rais wa benki alikuwa Robert McNamara, Mmarekani anayesifiwa na baadhi ya watu kama mtetezi wa maskini, huku wengine wakimtwika lawama ya masaibu yaliyowafika baadaye.

McNamara alizaliwa San Francisco Juni 9, 1916. Alisomea uchumi Berkeley, kisha biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alilifanyia jeshi la anga kazi ya takwimu. Mwaka wa 1946 alijiunga na kampuni ya magari ya Ford, akawa rais wake mnamo Novemba 1960.

Wiki chache baadaye, John F. Kennedy alimteua Waziri wa Ulinzi. Huko aliipima vita ya Vietnam kwa idadi ya maadui waliouawa. Tarakimu zilipanda ilhali ushindi haukuonekana. Aliondoka Februari 1968 na kushika usukani wa Benki ya Dunia Aprili mwaka huo.

Kabla yake, benki hiyo ilikopesha hasa miradi ya mabwawa, umeme, barabara na bandari. Mkopo wa 1955 kwa reli na bandari za Afrika Mashariki ni mfano mmojawapo. McNamara alitaka fedha zimfikie maskini mwenyewe. Septemba 24, 1973, katika jumba jipya la KICC, Nairobi, aliwaeleza magavana wa benki kwamba ukuaji wa uchumi ulikuwa ukiwapita watu fukara kabisa, akaahidi kuwainua wakulima wadogo.

Mijini, wazo lilikuwa kuacha kubomoa vitongoji na badala yake kuvipelekea maji, mitaro, barabara na haki ya kukaa. Dandora, Nairobi, ilianza mwaka wa 1975 kwa ploti 6,000. Chaani ikafuata.

Kwa bara ya Mombasa, suala hilo la haki ya kukaa lilikuwa zito. Tangu sheria ya hatimiliki ya 1908, familia nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe zilijikuta kwenye ardhi iliyoandikishwa kwa majina ya wengine. Hapo ndipo ulipokita mtindo wa nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, na kodi ya ardhi hulipwa kila mwezi.

Hata hivyo, maji na barabara vinapofika, thamani ya kiwanja hupanda. Dandora ilidhihirisha hayo pale ploti nyingi zilipoishia kwa wenye uwezo, waliojenga vyumba vya kukodisha. Hesabu za benki zilionyesha ploti zilizogawanywa, wala si nani hasa aliyelala humo.

Mwaka wa 1980, bei ya mafuta ilipozilemea nchi changa, McNamara alianzisha mikopo ya marekebisho ya uchumi yenye masharti. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea. Alistaafu Juni 1981, lakini masharti yaliendelea kukaza chini ya warithi wake. Mwishoni mwa 1989 Wakenya walianza kutozwa ada katika hospitali za umma.

Katika kitabu chake cha 1995, McNamara alikiri kwamba yeye na wenzake walikosea kuhusu Vietnam. Alifariki Washington Julai 6, 2009, akiwa na umri wa miaka 93.

Fumbo la ardhi alilolikuta bara ya Mombasa lilidumu kuliko yeye. Maskwota wa shamba la ekari 930 huko Likoni walipopewa hatimiliki mwaka wa 2016, kila mmoja alitakiwa kulipa Sh182,000. Hati ilifika, na deni likaja nayo.