Malcom McLean: dereva wa lori aliyelivua tela magurudumu

KABLA dereva hajakabidhiwa kontena bandarini au kulirudisha yadi, mkaguzi hulizunguka kwanza. Huangalia pembe zote nane, nguzo, paa, ubavu, sakafu na raba za milango. Kisha huingia ndani, milango ikafungwa, akatafuta kama kuna tundu linalopitisha mwanga. Akiona kasoro anaiandika kwenye hati ya makabidhiano, na dereva anatia saini.

Kwa dereva mwenye safari ya Kampala, Kigali au Lubumbashi, zoezi hilo linaweza kuonekana ni la kupoteza muda. Hata hivyo, kanuni inayolisimamia ndiyo iliyoshusha gharama za usafirishaji duniani kote: kwamba sanduku lolote, la kampuni yoyote, linaweza kunyanyuliwa na kreni yoyote na kukaa juu ya tela lolote bila kuvunjika. Aliyeifanya biashara hiyo iwezekane ni Mmarekani aliyeanza maisha kama dereva wa lori, Malcom McLean.

Tela kuukuu

McLean alizaliwa mwaka 1913 katika mji mdogo wa Maxton, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Alipomaliza sekondari mwaka 1931, uchumi wa nchi ulikuwa umeanguka na ajira hazikuwapo. Akapata kazi kwenye kituo cha mafuta.

Hapo ndipo alipoona kwamba anayesafirisha bidhaa anaweza kupata zaidi ya anayeiuza. Mwaka 1934 alianza biashara ya usafirishaji kwa tela kuukuu, kisha akapata lori lililokwishatumika. Ndugu zake walijiunga naye. Kidogo kidogo malori yakaongezeka, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 alikuwa na zaidi ya malori 600. Kampuni yake ilihesabiwa miongoni mwa kampuni kubwa za malori nchini Marekani.

Kisa kinachosimuliwa zaidi juu yake ni cha mwaka 1937. Alipeleka marobota ya pamba kwenye gati la Hoboken, karibu na New York, akasubiri siku nzima huku makuli wakishusha mzigo wa kila lori kipande kwa kipande na kuupandisha melini. Inaelezwa kuwa hapo ndipo alipojiuliza kwa nini lori zima lisipandishwe. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe miongo mingi baadaye, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama wazo la kontena lilizaliwa siku ile. Lakini foleni ya gatini ilikuwa ya kweli, na kila msafirishaji wa leo anaijua.

Kilichomsukuma hasa ni hesabu. Mwaka 1953 barabara za pwani ya mashariki ya Marekani zilikuwa na msongamano mkubwa, na McLean aliogopa kwamba kampuni za meli zingemnyang'anya mizigo kwa bei nafuu. Akapanga kuyapandisha matela melini na kuyasafirisha kwa bahari. Alipopiga hesabu aliona kwamba magurudumu yanakula nafasi bure. Akaamua kuyaacha nchi kavu na kupakia sanduku peke yake, masanduku yakipangwa moja juu ya jingine.

Tatizo lilikuwa sheria. Marekani ya wakati huo haikumruhusu mwenye kampuni ya malori kumiliki pia kampuni ya meli. Mwaka 1955 McLean alifanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi wasingethubutu: aliachia kampuni ya malori aliyoijenga kwa miaka 20, akanunua kampuni ya meli ya Pan-Atlantic kwa dola milioni 7. Kwa mkopo wa benki wa dola milioni 42 akanunua na kampuni mama yake, Waterman.

Kuruka juu ya paa

Ieleweke kwamba McLean hakuwa wa kwanza kuweka mzigo ndani ya sanduku. Reli za Uingereza na Ufaransa zilitumia masanduku miaka mingi kabla yake, na jeshi la Marekani lilikuwa na yake ya chuma. Lakini masanduku hayo yalikuwa madogo na ya vipimo tofauti, na mara nyingi yalipakiwa pamoja na shehena ya kawaida. Yeye alibadili mfumo mzima: meli, kreni, tela, yadi na bei.

Kwa kazi hiyo alimhitaji mhandisi, akampata Keith Tantlinger, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kutengeneza matela huko Spokane, jimbo la Washington. Mwaka 1949 Tantlinger alikuwa amekwisha kubuni masanduku ya aluminiamu ya futi 30, yaliyobebwa kwa matishari kati ya Seattle na Alaska. McLean aliagiza mawili ya kufanyia majaribio.

Tantlinger alipofika Baltimore kuyaangalia, aliwakuta McLean na maofisa wake kwenye yadi ya meli, wamepanda juu ya masanduku na wanarukaruka. Mhandisi alikuwa amedai kwamba paa lile jembamba la aluminiamu ni imara, na mnunuzi alitaka kuhakikisha kwa miguu yake. Paa halikubonyea. McLean akaagiza masanduku 200, na baadaye akamchukua Tantlinger kuwa mhandisi wake mkuu.

Aprili 26, 1956, meli kuukuu ya mafuta iliyofanyiwa marekebisho, Ideal X, iliondoka bandari ya Newark kuelekea Houston ikiwa na makontena 58 juu ya sitaha. Kreni ilikuwa ikipakia kontena moja kila dakika saba, na upakiaji wote ulichukua chini ya saa nane. Hesabu za kampuni zilionyesha kwamba kupakia tani moja kuligharimu chini ya senti 16, wakati shehena ya kawaida ilikuwa inapakiwa kwa dola 5.83 kwa tani.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoendesha mambo yote yaliyofuata. Ni mara chache mno katika historia ya usafirishaji gharama imeshuka kiasi hicho kwa safari moja.

Udongo wa kuchezea watoto

Oktoba 1957 meli nyingine, Gateway City, iliondoka Newark kwenda Miami. Hii ilikuwa na uwezo wa kubeba makontena 226, yaliyopangwa ndani ya tumbo la meli kwenye fremu za chuma.

Wasiwasi ulikuwa mmoja: je, bahari ikichafuka, makontena hayatagongana na kuvunjika? Tantlinger alinunua udongo wa kuchezea watoto dukani, akaukata vipande na kuupachika kati ya makontena na fremu zake. Meli ilipofika, aliukagua. Alama zilionyesha kwamba makontena yalikuwa yamesogea si zaidi ya milimita 8. Ulikuwa ukaguzi wa gharama ndogo sana, lakini ulijibu swali ambalo mabenki, bima na wenye mizigo wote walikuwa wakiliuliza.

Mhandisi huyo pia ndiye aliyebuni loki ya kuzungusha, ile ambayo kila dereva wa tela la kontena anaifunga leo kabla ya kuondoka. Kichwa chake huingia kwenye tundu la pembe, kikazungushwa, na kontena likakamatwa. Sehemu hiyo ndiyo uhai wa kontena. Uzito wa masanduku yaliyopangwa juu haubebwi na ubavu wala paa, bali hushuka kwa nguzo nne za pembeni. Kwa hiyo ubavu uliobonyea kidogo unaweza kuvumilika, lakini nguzo iliyopinda au pembe yenye ufa ni hatari kwa watu walio chini.

Hataza zilizoachiwa

Kampuni ya McLean, ambayo mwaka 1960 ilipewa jina la Sea-Land, ilikuwa na hataza za pembe na loki hizo. Washindani walikuwa na za kwao. Kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake, na kontena la mmoja halikuweza kunyanyuliwa na kreni ya mwingine.

Mwaka 1963 McLean alikubali kuziachia hataza hizo zitumike bila malipo ili dunia ipate kiwango kimoja. Kwa mtazamo wa haraka alitupa mali. Kwa mtazamo wa kiuchumi, aliona kwamba kontena linalokubalika kila mahali lina thamani kuliko kontena linalolindwa na mwanasheria.

Kiwango hicho hakikuja bila maumivu. Mwaka 1965 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilipitisha muundo wa pembe, lakini majaribio yakaonyesha kwamba zinaweza kushindwa kubeba uzito. Januari 1967 wahandisi walikutana London wakaziimarisha. Matokeo yake, maelfu ya makontena yaliyokwishatengenezwa yalibidi yakatwe pembe na kuchomelewa mpya, kwa gharama ya mamilioni ya dola. Mafundi wa kuchomelea walikuwa na kazi tele kabla hata biashara yenyewe haijakomaa.

Makuli walivyoathirika

Si kila mtu alinufaika. Mwaka 1958 makuli wa Puerto Rico walikataa kushusha makontena ya McLean, na ilichukua miezi minne ya mazungumzo kufikia makubaliano. Hofu yao ilikuwa na msingi. Katika magati ya Manhattan, makuli walifanya kazi jumla ya siku milioni 1.4 katika mwaka 1963/64. Miaka 12 baadaye zilibaki takriban 127,000. Chama cha makuli wa New York kilifanikiwa kupata dhamana ya mapato ya mwaka kwa wanachama wake, lakini vijana wao hawakuirithi kazi hiyo.

Hesabu ya mafanikio ya kontena haikamiliki bila watu hao.

Kupanda na kuanguka

Mwaka 1966 meli ya Sea-Land, Fairland, ilivuka Atlantiki hadi Rotterdam. Kuanzia mwaka 1967 kampuni ilipeleka shehena za jeshi la Marekani huko Vietnam, ambako bandari zilikuwa zimezidiwa na meli. Makontena yaliporudi matupu, McLean aliona hasara ya kurudi bila mzigo, kama mwenye lori yeyote. Akazipitisha meli Japani kuchukua bidhaa za viwandani.

Mwaka 1969 aliiuza Sea-Land kwa kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds kwa dola milioni 530. Chini ya mmiliki huyo mpya zilijengwa meli nane zenye kasi ya kilomita 60 kwa saa. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda ghafla, na meli hizo zikageuka mzigo. Hatimaye zilichukuliwa na jeshi la majini la Marekani.

McLean aliondoka, na mwaka 1978 akanunua kampuni ya United States Lines. Safari hii aliamini kwamba mafuta yataendelea kuwa ghali. Akaagiza Korea Kusini meli 12 kubwa kuliko zote za wakati huo, za mwendo wa taratibu, kwa dola milioni 570, zizunguke dunia nzima. Mara ziliposhika njia, bei ya mafuta ikaporomoka. Novemba 1986 kampuni ilifilisika ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni moja. Maelfu ya watu walipoteza ajira, na yeye aliishi na fedheha hiyo kwa miaka mingi.

Aliyekuwa hodari wa kukata gharama aliangushwa mara mbili na bei ambayo hakuweza kuipanga. Wenye malori wanaokokotoa nauli kwa bei ya dizeli ya leo kwa mkataba wa mwaka mzima wanaielewa hatari hiyo.

Hata hivyo hakustaafu. Mwaka 1991, akiwa na umri unaokaribia miaka 80, alianzisha kampuni nyingine, Trailer Bridge, ya kusafirisha mizigo kati ya Marekani na Puerto Rico.

Urithi ulioko getini

McLean alifariki dunia New York Mei 25, 2001, akiwa na umri wa miaka 87. Siku ya mazishi yake, meli za makontena sehemu mbalimbali duniani zilipiga honi kumuaga.

Kilichobaki ni sanduku lenyewe, na utaratibu wa kulitunza. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena ulipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977. Ndio uliowajibisha wamiliki kuweka kwenye mlango bamba la chuma linaloonyesha tarehe ya kutengenezwa, uzito wa juu na uzito linaoweza kubeba likiwa limepangiwa mengine. Ukaguzi wa kwanza hufanyika ndani ya miaka mitano, na unaofuata kila baada ya miezi 30, isipokuwa kwa makontena yaliyo chini ya mpango wa ukaguzi endelevu.

Kwa wafanyabiashara wa ukanda huu jambo hilo lina fedha ndani yake. Kwa muda mrefu waagizaji wengi wametakiwa kuweka dhamana ya kontena kwa wakala wa meli, na dhamana hiyo hukatwa iwapo sanduku litarudi na tundu, mbao za sakafu zilizolowa mafuta, au mlango usiofunga. Asiyeandika kasoro wakati wa kupokea huilipia wakati wa kurudisha. Na mzigo wa sukari au saruji ulioloweshwa na tundu dogo la kutu njiani hauna wa kuulipia kwa urahisi.

Tajiri aliyekopa mamilioni kununua meli hakuridhika na neno la muuzaji hadi alipopanda mwenyewe juu ya paa. Dereva aliyeko getini anahitaji tu kulizunguka sanduku na kusoma karatasi kabla ya kutia saini.