Tabibu Aliyetunga Shairi la Toroli

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwa wanafunzi wetu, na hata kwa baadhi ya walimu, kwamba ushairi ni wa mambo makuu pekee: vita, mauti, mapenzi na utawala. Mimi naipinga dhana hiyo, na shahidi wangu ni tabibu mmoja wa Marekani.

William Carlos Williams alizaliwa mwaka 1883 katika mji mdogo wa Rutherford, jimbo la New Jersey, karibu na jiji la New York. Baba yake alikuwa Mwingereza aliyelelewa katika visiwa vya Karibi, na mama yake alitoka Puerto Rico. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahitimu mwaka 1906. Huko alifanya urafiki na mshairi Ezra Pound, ambaye baadaye alihamia Ulaya. Williams hakuacha mbachao kwa msala upitao. Alirudi Rutherford, akawatibu watu kwa takriban miaka 40. Inakadiriwa kuwa alizalisha watoto wapatao 3,000, wakiwemo wa familia maskini za wahamiaji.

Aliandika lini basi? Baina ya mgonjwa mmoja na mwingine alichapa beti kwa taipureta yake, na mara nyingine alizinakili kwenye karatasi za kuandikia dawa. Shairi lake mashuhuri la mwaka 1923, kuhusu toroli jekundu na kuku weupe, lina maneno 16 tu. Jingine, la mwaka 1934, lina umbo la kijibarua cha mtu aliyekula matunda ya mwenziwe yaliyohifadhiwa kwa kiamshakinywa. Mtu huyo anaomba radhi, lakini utamu wa matunda haujamtoka kinywani. Msomaji hucheka, kisha akajiuliza iwapo hayo ni majuto au ni majigambo.

Wapo watakaouliza kama hayo kweli ni mashairi. Swali hilo ni halali, na wahakiki wa zama zake waliliuliza. Mwaka 1922 T. S. Eliot alikuwa amechapisha shairi refu lililosheheni marejeo ya kitaalamu, na wasomi wakavutiwa nalo. Kitabu cha Williams chenye shairi la toroli kilichapishwa Ufaransa, nakala 300 hivi, na wachache mno walikisoma.

Hata hivyo, mwaka 2015 ilibainishwa kwamba yamkini toroli hilo lilikuwa la Thaddeus Marshall, mchuuzi Mmarekani Mweusi aliyeishi Rutherford. Marshall hatajwi shairini. Lakini ukishajua habari zake, utaona kwamba chombo ambacho wanafunzi walikihangaikia kama fumbo kilikuwa riziki ya mtu. Williams alikitazama kitu ambacho wapita njia hawakukijali, akakiacha kibaki kilivyo.

Heshima ilimjia kwa kuchelewa na kwa uchungu. Mwaka 1950 alipata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu. Mwaka 1952 aliteuliwa kuwa mshauri wa ushairi katika Maktaba ya Bunge la Marekani, lakini tuhuma za kuuegemea ukomunisti pamoja na afya mbovu zikamzuia kushika wadhifa huo. Mwaka uliofuata alilazwa hospitalini kwa maradhi ya huzuni nzito. Licha ya kiharusi kuudhoofisha mkono wake wa kulia, hakuacha kuandika. Alifariki Machi 1963, na mwaka uo huo akatunukiwa Tuzo ya Pulitzer.

Washairi wengi wa Marekani wanaochekesha na kushangaza kwa habari za jikoni na barabarani wamepita katika mlango alioufungua yeye. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuletea shairi kuhusu ndoo ya maji, usimrudishe akatafute mada nzito. Muulize kwanza ndoo hiyo ni ya nani, na kama ameitazama sawasawa.