Mjukuu wa Malkia aliyeangushwa na homa ya matumbo

Hapa Ihumwa askari ni majirani zetu, na tumezoea kuwaona wakicheza mpira. Leo, msikilizaji, tunakusimulia maisha ya ofisa wa jeshi la Uingereza aliyependa kriketi, mchezo wa kupiga mpira mdogo mgumu kwa gongo na kukimbia kutafuta pointi.

Jina lake ni Christian Victor. Alizaliwa Windsor, Uingereza, Aprili 14, 1867. Mama yake, Helena, alikuwa binti wa Malkia Victoria, yule ambaye ziwa letu kubwa limepewa jina lake.

Mwaka 1887 aliichezea timu ya I Zingari mjini Scarborough. Mara ya kwanza alipata mikimbio 35, mara ya pili akatoka bila kitu. Hiyo ndiyo mechi yake pekee ya daraja la kwanza, kwani mwaka uliofuata aliingia jeshini. Hata huko hakuacha gongo. Mwaka 1893, mjini Rawalpindi, Pakistani ya leo, alipata mikimbio 205 peke yake katika mechi ya vikosi.

Lakini kazi yake ilikuwa vita, na vita vya wakati ule vilikuwa vya kuteka nchi za watu. Mwaka 1895 alikwenda Ashanti, Ghana ya leo, katika msafara uliomkamata mfalme Prempeh. Katika msafara huo malaria ilimuua Henry, mume wa mama yake mdogo. Mwaka 1898 alikuwa Sudan, jeshi la Kitchener lilipoua maelfu ya Wasudani huko Omdurman. Mwaka uliofuata akaenda Afrika Kusini kupigana na Makaburu.

Kote huko risasi zilimkosa. Kilichomuua ni homa ya matumbo, yaani taifodi. Alifariki Pretoria Oktoba 29, 1900, akiwa meja mwenye umri wa miaka 33, akazikwa huko huko. Kabla ya miezi mitatu kupita, bibi yake Malkia naye akafariki.

Katika vita ile walikufa askari wa Uingereza wapatao 22,000, na zaidi ya nusu yao waliuawa na maradhi. Taifodi huenea kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Haikumjali mjukuu wa malkia, wala haitatujali sisi. Maji ya kisimani, hata yakionekana safi kwenye dumu, yachemshe kwanza ndipo unywe.