Siku 80 Kibandani

Labda walala mgonjwa huku Kalehe, na mawazo yakunyima usingizi kuliko maumivu yenyewe. Sikiliza basi habari za daktari aliyeugua katika nchi jirani ya Maniema.

David Livingstone, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1813, alirudi Bambarre, yaani Kabambare, mwezi wa Julai 1870, miguu imejaa vidonda hata asiweze kutembea. Sanduku lake la dawa liliibwa mwaka 1867: daktari asiye na dawa! Wapagazi walikuwa wamemkimbia, wakabaki Susi, Chuma na Gardner tu. Nao mto Lualaba, aliotamani kuuchunguza, ulikuwa bado mbele.

Siku 80 alikaa kibandani. Hakujifanya hodari, mahangaiko yake aliyaandika katika daftari. Akasoma Biblia, na kwa muda aliokaa Maniema aliimaliza yote mara nne. Vidonda pia hakuviacha vivi hivi: dawa iliyomfaa ni jiwe la kijani, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya.

Tarehe 10 Oktoba akatoka nje. Mwezi wa Machi 1871 akafika Nyangwe, akauona Lualaba.