Nikolai Vavilov, Mlinzi wa Mbegu

Kwetu kijijini, huku Kivu, bibi yangu alitundika mbegu za mahindi juu ya jiko ili moshi uzikinge na wadudu. Miezi ya njaa sisi watoto tulizitazama kwa tamaa, naye alitukataza kuzigusa, kwa kuwa mwenye kula mbegu amekula na mavuno ya mwakani. Nilimkumbuka bibi siku niliposoma maisha ya Nikolai Vavilov. Katika fakulte yetu tumezoea kusimulia maisha ya waandishi. Leo naomba nafasi kwa mtaalamu huyu wa mimea, maana habari yake inatuhusu pia sisi watu wa lugha.

Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887. Urusi ya wakati wake ilipigwa na njaa mara kwa mara, naye akaazimia kutafuta duniani kote mbegu zinazovumilia baridi, ukame na magonjwa. Alifika Uajemi, Afghanistan, Amerika, na mwaka 1927 alizunguka Ethiopia, akastaajabia wingi wa aina za ngano zilizokuwa mikononi mwa wakulima wa huko. Popote alipokwenda alijitahidi kusema na wenyeji kwa lugha yao, kwa sababu mkulima ndiye aliyejua mbegu yake. Chuo chake cha utafiti mjini Leningrad kikawa na hazina ya mbegu kubwa kuliko zote duniani.

Ndipo akatokea Trofim Lysenko. Huyu alikana elimu ya jeni, akadai kwamba ngano ikitiwa baridi hubadili asili yake na kuurithisha uzao wake badiliko hilo. Stalin alitaka mavuno ya haraka, na Lysenko aliyaahidi. Vavilov alijua kwamba aina mpya ya ngano huhitaji miaka ya majaribio, akasema hivyo. Mwaka 1935 aliondolewa kwenye uongozi wa akademia ya kilimo. Mwaka 1939 wataalamu wa jeni wa dunia walimchagua awe rais wa kongamano lao la Edinburgh, lakini serikali ikamzuia kusafiri. Mwaka huohuo aliwaambia wenzake kwamba hata wakichomwa moto hawataikana imani yao.

Agosti 1940 alikamatwa Ukraine, akiwa kazini anakusanya mimea. Hapa ndipo sisi wa lugha tusikilize vizuri. Hoja zake hazikujibiwa kwa hoja. Alibadilishwa jina tu: jana mtaalamu, leo mhujumu na jasusi. Mwaka 1941 alihukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Alikufa tarehe 26 Januari 1943 katika gereza la Saratov, mji aliowahi kuwa profesa. Mtu aliyetafuta chakula cha ulimwengu aliuawa na njaa.

Wakati huo jeshi la Ujerumani lilikuwa limeuzingira mji wa Leningrad, na watu walikufa kwa njaa kwa malaki. Wafanyakazi wa Vavilov walibaki wakilinda mbegu. Kila kifurushi kilikuwa na jina lake na mahali kilipotoka, nao hawakukubali kipotee hata kimoja. Dmitri Ivanov, mtunzaji wa mchele, alikufa kwa njaa, na maelfu ya vifurushi vya mchele vikiwa karibu naye. Wengine kadhaa walimfuata.

Mwaka 1948 elimu ya jeni ilipigwa marufuku kabisa katika nchi ile. Lakini mwaka 1955 mahakama ilimwondolea Vavilov hatia, na baadaye chuo chake kikaitwa kwa jina lake. Mbegu zake zingali zinapandwa.

Ndugu wanafunzi, mimi sijui kama ningeweza kufa kando ya mchele. Lakini mtu anapoitwa mhujumu mbele yangu, naweza kuuliza amehujumu nini, na nani ameona. Kazi hiyo ni yetu.