Odhiambo: Msomi wa wadudu aliyewafungulia vijana mlango wa utafiti

KILA likizo ndefu inapowadia, wanafunzi wa vyuo vikuu wanaoishi mitaa ya Eastlands kama vile Tena, Umoja na Donholm huanza kubisha hodi katika afisi mbalimbali wakitafuta mafunzo ya vitendo. Kwa anayesomea sayansi ya mimea, mojawapo ya milango hiyo haiko mbali: ni kufuata Barabara ya Outer Ring hadi Barabara ya Thika, kisha Kasarani, yaliko makao makuu ya ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu. Aliyeujenga mlango huo ni marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931. Alisomea Shule ya Maseno na Chuo cha Makerere, akafanya kazi katika idara ya kilimo nchini Uganda, kisha mwaka wa 1959 akaelekea Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Huko aliongozwa na Vincent Wigglesworth, bingwa wa elimu ya miili ya wadudu, na mwaka wa 1965 akahitimu uzamifu kwa utafiti kuhusu nzige wa jangwani.

Aliporejea Nairobi kufundisha, alikumbana na tatizo lililomkera maisha yake yote. Mwanafunzi Mwafrika aliyetaka kuwa mtafiti alilazimika kuvuka bahari, na akirudi alikosa maabara na wenzake wa kushauriana nao. Mwaka wa 1967 alieleza katika jarida la Science jinsi sayansi ingeweza kuliendeleza eneo la Afrika Mashariki. Miaka mitatu baadaye, 1970, ICIPE ilianzishwa, ikianzia kazi zake Chiromo.

Mpango wake uliigeuza ile safari ya zamani. Badala ya vijana kuwafuata mabingwa ng'ambo, mabingwa wa ng'ambo walikuja Nairobi mara kwa mara kuwaongoza watafiti chipukizi. Mwaka wa 1983 kukaanzishwa mpango wa uzamifu ulioshirikisha vyuo vikuu vya Afrika: mwanafunzi aliweza kufanya utafiti ICIPE na kutunukiwa shahada na chuo cha bara lake.

Wadudu na mimea havitenganishwi, na hilo lilidhihirika Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990, watafiti walibuni huko mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi za nepia pembeni. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mashina ya mahindi, ilhali nepia huwavuta nje ya shamba. Mizizi ya desmodiamu nayo hulidhibiti gugu la striga, ambalo wakulima wa Nyanza huliita kayongo.

Mwaka wa 1987 Odhiambo alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya kupambana na njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Alikuwa pia rais mwanzilishi wa Akademia ya Sayansi ya Afrika. Aliacha uongozi wa ICIPE mwaka wa 1994, na akafariki Mei 2003.

Kituo cha Mbita sasa kina jina lake. Hata hivyo, kumbukumbu yake kubwa zaidi ni kijana anayeingia maabara asubuhi, na jioni akarejea kwao Tena bila kuhitaji pasipoti.